Anthony Blunt: Mwalimu wa historia ya sanaa aliyeificha historia yake

MNAMO Novemba 15, 1979, Waziri Mkuu wa Uingereza, Bi Margaret Thatcher, aliliarifu Bunge la nchi hiyo kupitia jibu la maandishi kwamba Profesa Anthony Blunt alikuwa jasusi wa Muungano wa Kisovieti. Siku hiyo hiyo Kasri la Buckingham likatangaza kwamba msomi huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 72, amevuliwa cheo cha Sir alichotunukiwa mwaka 1956.

Magazeti ya London yaliichapisha kwa siku nyingi kama habari ya ujasusi, na kwa kweli ilikuwa habari ya ujasusi. Hata hivyo, kulikuwa na kundi dogo la watu ambao habari hiyo iliwachoma kwa namna ya pekee. Hao ni wanafunzi wake wa zamani. Walikuwa wametapakaa katika majumba ya makumbusho, vyuo vikuu na kumbi za sanaa, wengine wakiwa wakuu wa taasisi hizo. Walikuwa wamesomea historia ya sanaa mbele ya macho ya mtu huyo, na ni yeye aliyewafunza kwamba mchoro hauaminiki hadi asili yake ichunguzwe: umetoka kwa nani, ulichorwa lini, umepitia mikono gani, na ni hati zipi zinazothibitisha hayo. Sasa walibaini kwamba kwa zaidi ya miaka 40 mwalimu wao mwenyewe alikuwa na hati asizotaka zionwe na yeyote.

Anthony Frederick Blunt alizaliwa Septemba 26, 1907 katika mji wa Bournemouth, kusini mwa Uingereza, akiwa kitinda mimba katika familia ya kasisi wa Kianglikana yenye wana watatu. Haikuwa familia tajiri, ila ilikuwa na uhusiano wa mbali wa kiukoo na mwanamke ambaye baadaye alikuja kuwa mama mzazi wa Malkia Elizabeth wa Pili. Anthony akiwa bado mtoto mdogo, babake alihamishiwa Paris kulihudumia kanisa la ubalozi wa Uingereza. Huko ndiko mtoto alikojifunza Kifaransa kama lugha ya nyumbani, na huko ndiko alikozoea kuingia katika makumbusho ya Louvre na kuyatazama makanisa makuukuu kama vile watoto wengine wanavyozoea uwanja wa mpira.

Aliporejea Uingereza kusoma katika shule ya bweni ya Marlborough, alikuta michezo ndiyo inayoabudiwa. Kijana mrefu, mwembamba na asiyejiweza uwanjani, alijitafutia nafasi miongoni mwa wanafunzi wachache waliopenda vitabu na sanaa ya kisasa. Mmoja wao alikuwa Louis MacNeice, ambaye baadaye alisifika kwa ushairi. Inaelekea kwamba tangu hapo Blunt alianza kujiona mtu wa kundi dogo linaloelewa mambo yasiyoeleweka na wengi. Kuna jambo jingine lililomzoesha kuishi maisha mawili: alikuwa na mapenzi ya jinsia moja wakati ambapo sheria ya Uingereza ilihesabu uhusiano huo baina ya wanaume kuwa jinai, na ilibaki hivyo hadi mwaka 1967.

Mwaka 1926 alijiunga na Trinity, mojawapo ya vyuo vya Cambridge, kwa ufadhili wa masomo ya hisabati. Baada ya muda aliacha hesabu akahamia lugha za kisasa, na mnamo 1930 akahitimu akiwa amebobea katika Kifaransa. Sanaa ndiyo iliyokuwa moyoni mwake, lakini hakuisomea katika shahada yake ya kwanza. Sababu yake ni nyepesi: hapakuwa na shahada kama hiyo ya kusomewa.

Jambo hili linahitaji maelezo, maana hata leo wengi hudhani kwamba anayesomea historia ya sanaa anajifunza kuchora. Mwanafunzi wa somo hili si lazima ajue kushika brashi. Kazi yake ni kueleza kwa nini mchoro, sanamu au jengo liko jinsi lilivyo. Ni lazima ajue nani aliligharamia, mchoraji alisoma vitabu gani, dini na siasa za wakati huo zilikuwaje, na rangi ilipatikana vipi. Kwa hiyo husoma lugha, historia, falsafa na hata kemia kidogo, na husafiri ili avione vitu vyenyewe kwa macho yake.

Katika nchi za Kijerumani somo hilo lilikuwa na maprofesa wake tangu karne ya 19. Vienna, kwa mfano, ilimpata Rudolf Eitelberger mwaka 1852. Waingereza walikuwa na mtazamo tofauti. Kwao kujua michoro lilikuwa jambo la waungwana wenye mali, waliorithi picha pamoja na mashamba, na la wafanyabiashara waliowauzia. Ni kweli kwamba John Ruskin aliteuliwa mwaka 1869 kuwa profesa wa kwanza wa sanaa mjini Oxford, na kumbi zilijaa watu wa kumsikiliza. Lakini waliomsikiliza walirudi kufanyia mitihani masomo mengine. Mtu hakuweza kutoka na shahada kwa kuwa ameielewa sanaa.

Mambo yalibadilika mwaka 1932. Samuel Courtauld, tajiri wa viwanda vya nguo, alishirikiana na wakili na mkusanyaji picha Sir Robert Witt pamoja na mwanasiasa Lord Lee wa Fareham kuanzisha taasisi ndani ya Chuo Kikuu cha London. Courtauld alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Akaitoa nyumba yao iliyoko nambari 20, Portman Square, jumba la kifahari lililobuniwa na msanifu Robert Adam katika karne ya 18, ili liwe madarasa. Akatoa pia michoro yake, baadhi ikiwa ya Manet, Cézanne na Van Gogh. Hivyo Taasisi ya Courtauld ikawa mahali pa kwanza nchini Uingereza ambapo kijana angeweza kujisajili kusomea historia ya sanaa kwa shahada ya kwanza.

Mwaka huo huo wa 1932 Blunt aliteuliwa kuwa mtafiti mwandamizi katika chuo chake cha Trinity. Alikuwa amejichagulia uwanja ambao haukuwa na mwalimu pale Cambridge: nadharia za sanaa nchini Italia na Ufaransa kati ya karne ya 15 na 17. Alijifundisha mwenyewe. Wakati huo pia alianza kuandika uhakiki wa sanaa katika jarida la Spectator. Na akiwa Paris alifanya jambo linaloonyesha jicho lake. Aliuona mchoro wa Nicolas Poussin, Mfaransa wa karne ya 17, ukiuzwa kwa takriban pauni 100. Hakuwa na fedha hizo. Alizikopa kwa rafiki yake Victor Rothschild, wa ukoo wa mabenki, akaununua. Mchoro wenyewe wamwonyesha Eliezeri, mtumishi wa Ibrahimu, akikutana na Rebeka kisimani.

Hii ilikuwa miaka migumu barani Ulaya. Watu wasio na kazi walihesabiwa kwa mamilioni, Hitler alitwaa mamlaka Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Uhispania. Vijana wengi wa Cambridge waliona kwamba serikali yao ilikuwa ikiutazama ufashisti kwa mikono iliyokunjwa, na kwamba Moscow pekee ndiyo iliyokuwa tayari kupambana. Blunt hakuwa mwanasiasa kwa asili yake. Aliyemvuta ni Guy Burgess, kijana mcheshi, mlevi na mwenye akili kali, ambaye kila aliyekutana naye hakumsahau. Mwaka 1935 Blunt alizuru Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1937 akasajiliwa rasmi na Arnold Deutsch, ajenti wa Kisovieti aliyekuwa akiishi London. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatambua wanafunzi wenye vipaji ambao wangeweza kusajiliwa. Ndiye aliyewanasa Mwamerika Michael Straight na Mwingereza Leo Long. Kwa maneno mengine, alianza kuutumia ualimu kwa hila hata kabla hajawa mwalimu hasa.

Mwaka huo huo aliandika maoni ambayo yalimfuata maisha yake yote. Pablo Picasso alikuwa amechora Guernica, picha kubwa kuhusu mji wa Uhispania ulioshambuliwa kwa mabomu kutoka angani. Blunt, akiipima sanaa kwa mizani ya Umaksi, aliikosoa kuwa ni kilio cha mtu binafsi kisichoweza kueleweka na umma. Aliwasifu badala yake wachoraji kama Diego Rivera wa Mexico, waliochora kutani mambo ambayo mkulima angeyatambua. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mnamo 1969, alichapisha kitabu kizima kuhusu Guernica, na kufikia hapo alikuwa ameuacha kabisa msimamo wake wa awali. Kuhusu picha hiyo, angalau, aliweza kukosolewa na ushahidi akabadilika hadharani.

Kilichomtoa Cambridge mwaka 1937 ni Taasisi ya Warburg. Hiyo ilikuwa maktaba ya Aby Warburg, iliyohamishwa kutoka Hamburg hadi London mwaka 1933 ili isiangukie mikononi mwa Wanazi. Pamoja na vitabu walikuja wasomi wa Kijerumani na Kiyahudi waliofukuzwa makwao. Ni vigumu kutia chumvi umuhimu wa wakimbizi hao. Waingereza waliokuwa wakiizungumzia sanaa kama divai, kwa kuionja na kuisifu, walikutana kwa mara ya kwanza na watu walioitafiti kama elimu. Blunt alikaa miongoni mwao akajifunza nidhamu ambayo hakuipata Cambridge. Matunda ya kwanza yalikuwa kitabu chake kuhusu nadharia za sanaa nchini Italia kati ya 1450 na 1600, kilichotolewa mwaka 1940. Kilikuwa kitabu chembamba, na vizazi vya wanafunzi vilikisoma.

Kufikia 1939 alikuwa naibu mkurugenzi wa Courtauld. Kisha vita vikazuka. Alijiunga na jeshi, akaenda Ufaransa, na baada ya nchi hiyo kuanguka mwaka 1940 aliingia katika MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza. Mafaili yaliyopita mezani pake mchana yalipita mikononi mwa Warusi usiku. Rekodi zilizofunguliwa mjini Moscow baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika zinaonyesha kwamba kati ya 1941 na 1945 alipeana hati 1,771. Watetezi wake husema kwamba wakati huo Warusi walikuwa washirika wa Uingereza dhidi ya Hitler. Ni hoja, lakini haitoshi. Aliposajiliwa mwaka 1937 Uingereza haikuwa na ushirikiano wowote na Moscow. Na Blunt alianza kutumikia Warusi ndani ya MI5 kabla ya Juni 1941, wakati ambapo Stalin na Hitler bado walikuwa na mkataba wa kutoshambuliana.

Vita vilipomalizika aliiacha MI5. Mwaka 1945 aliteuliwa kuwa mtunzaji wa michoro ya Mfalme George wa Sita, na mwaka 1947 akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Courtauld. Nyadhifa hizo mbili alizishika kwa pamoja kwa robo karne.

Hapa ndipo penye kazi yake kubwa, na ndipo panapofaa kutua kidogo. Courtauld ya mwaka 1947 ilikuwa taasisi changa iliyoumizwa na vita, ambayo wasomi wa masomo ya zamani waliitazama kwa dharau. Wapo walioiona kama mahali pa mabinti wa matajiri kupitishia wakati kabla ya kuolewa. Blunt aliiondolea sifa hiyo. Alijizungushia walimu wa kweli, akiwemo Johannes Wilde, mtaalamu wa Michelangelo aliyezaliwa Hungary na kufanya kazi Vienna kabla ya kuikimbia, ambaye alikuwa naibu wake kwa miaka kumi. Alisisitiza kwamba wanafunzi wasome lugha za kigeni, kwa kuwa mtu hawezi kuzungumzia sanaa ya Italia ikiwa hawezi kuisoma barua iliyoandikwa kwa Kiitaliano. Alijenga maktaba za vitabu na za picha. Aliwapeleka wanafunzi penye michoro halisi, akiwaonya dhidi ya kuridhika na picha za kunakiliwa zilizoonyeshwa ukutani kwa slaidi.

Mwenyewe aliishi katika ghorofa ya juu ya jengo lile lile la Portman Square. Mwanafunzi aliyekwama angepanda ngazi jioni na kumpata. Waliomfahamu wanamkumbuka kama mwalimu mpole, mwenye sauti ya chini, asiyejivuna kwa cheo chake, na aliyesoma rasimu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa makini yale yale aliyoyatumia kwa kazi ya profesa. Alikuwa mgumu kuzoeleka. Kuna pazia ambalo hakuna aliyeweza kulipenya, na wengi walidhani ni haya za kawaida za msomi wa Kiingereza.

Wakati huo huo alikuwa akiandika. Kitabu chake kuhusu sanaa na usanifu wa majengo nchini Ufaransa kati ya 1500 na 1700 kilitoka mwaka 1953, na bado kinatumiwa. Aliandika kuhusu Borromini, kuhusu majengo ya Sicilia na Naples, kuhusu William Blake na kuhusu Picasso. Lakini Poussin ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Mchoraji huyo, aliyezaliwa 1594 na kufariki 1665, aliishi muda mwingi wa maisha yake Roma, mbali na mfalme wake, akiwachorea marafiki wachache wenye elimu. Blunt alizisoma barua zake kwa wateja wake, akavichunguza vitabu walivyovisoma, akaonyesha kwamba nyuma ya picha zile tulivu kulikuwa na mtu aliyeifuata falsafa ya Wastoiki, inayomtaka binadamu asitetereke kwa dhoruba za dunia.

Mwaka 1960 alishiriki kuandaa maonyesho makubwa ya Poussin katika Louvre. Badala ya kushangiliwa tu, alipata mpinzani. Denis Mahon, msomi tajiri aliyejitegemea, alidai kwamba Blunt alikuwa ameipanga vibaya miaka ya michoro mingi. Mahon alitegemea jicho: mkono wa mchoraji hubadilika, na anayeujua atauona. Blunt alitegemea zaidi hati na mawazo. Mabishano yao yaliendelea kwa miaka, na wataalamu wengi wa baadaye wamemkubalia Mahon katika mambo kadhaa. Orodha kamili ya michoro ya Poussin aliyoitoa Blunt mwaka 1966 na kitabu kikuu kilichofuata 1967 vingali mwanzo wa kila utafiti kuhusu mchoraji huyo, hata kwa wanaompinga.

Huku nyuma, kamba ilikuwa ikikazwa. Mwaka 1951 Burgess na Donald Maclean walitoroka hadi Moscow. Blunt alifika katika nyumba ya Burgess na kuondoa karatasi zilizoweza kumtia mtu hatiani kabla ya wapelelezi kuzitambua. Warusi walimshauri naye atoroke. Alikataa. Sababu haikuwa siri: maisha yake yalikuwa kwenye maktaba na madarasa ya Portman Square, na Moscow isingempa chochote badala yake. Tangu hapo alihojiwa mara kadhaa na kila mara akakana.

Aliyempasulia jipu ni mwanafunzi aliyemsajili mwenyewe. Mwaka 1963 Michael Straight alipendekezwa kwa wadhifa wa kuishauri serikali ya Marekani kuhusu masuala ya sanaa. Akijua kwamba angechunguzwa maisha yake kabla ya kuteuliwa, aliamua kwenda mwenyewe kwa FBI na kutapika yote. Habari zikavuka bahari hadi London. Mnamo Aprili 23, 1964, ofisa wa MI5 Arthur Martin alimtembelea Blunt na kumweleza kwamba Mwanasheria Mkuu ameidhinisha asishtakiwe iwapo atasema ukweli. Blunt alinyamaza kidogo, kisha akakiri.

Kilichofuata ni vigumu kukieleza kwa mwananchi wa kawaida. Hakufanywa chochote. Aliendelea kuwa mkurugenzi wa Courtauld hadi alipostaafu 1974, na mtunzaji wa michoro ya Malkia hadi 1972, kisha mshauri wa michoro hiyo hadi 1978. Serikali iliogopa aibu, na ilitaka Warusi wasijue kwamba siri imevuja. Mafaili ya MI5 yaliyofunguliwa Januari 2025 yameonyesha kwamba Malkia mwenyewe hakuelezwa rasmi hadi mwaka 1973, miaka tisa baada ya jasusi huyo kukiri huku akiingia na kutoka kasrini. Katika miaka hiyo makarani na wanajeshi wa vyeo vya chini waliopatikana na makosa ya ujasusi walifungwa kwa miongo. Tofauti hiyo ya matabaka haikuwaponyoka wasomaji wa magazeti mnamo 1979.

Siri hiyo ilifunguliwa na mwanahabari Andrew Boyle, ambaye katika kitabu kilichochapishwa Novemba mwaka huo alimtaja jasusi wa nne wa Cambridge kwa jina la bandia, Maurice. Jarida la Private Eye likaelekeza kidole kwa Blunt, na siku chache baadaye Bi Thatcher akaamua kutoficha tena.

Blunt alijificha kwa muda kwa msaada wa mwanafunzi wake wa zamani, mhakiki Brian Sewell. Kisha alikutana na wanahabari wachache aliowachagua, akaeleza kwamba katika miaka ya 1930 alifuata dhamiri yake. Wengi waliona maelezo hayo kuwa ya mtu anayesikitikia kunaswa kuliko kutenda. Chuo cha Trinity kilimwondolea heshima iliyompa. Katika Chuo cha Taaluma cha Uingereza, kinachowaunganisha wasomi mashuhuri wa nchi hiyo, mjadala uliwaka mwaka mzima wa 1980. Upande mmoja ulidai kwamba msaliti hastahili kukaa nao. Upande wa pili ulidai kwamba uanachama ulitolewa kwa usomi, na usomi wake ulikuwa haujakosewa hata na mahakama. Kura haikumfukuza, lakini vitisho vya kujiuzulu vilipozidi, Blunt mwenyewe alijiondoa Agosti. Mwanahistoria A. J. P. Taylor naye akajiuzulu kwa kukasirishwa na jinsi mwenzake alivyosukumwa nje.

Mjadala huo haukuwa wa majina tu. Somo la historia ya sanaa lilikuwa limepigania kwa nusu karne litambuliwe kuwa elimu yenye ushahidi na uaminifu. Aliyelipigania zaidi alikuwa ndiye aliyethibitishwa kuwa mwongo. Baadhi ya wasomaji wa vitabu vyake walivirudia ukurasa kwa ukurasa wakitafuta kasoro, wakidhani kwamba aliyeidanganya nchi yake hatashindwa kudanganya kuhusu Poussin. Walipata makosa ya kawaida ya kitaaluma, kama yale aliyoyalalamikia Mahon. Uongo hawakuupata. Ni matokeo yanayochanganya: kwamba mtu anaweza kuwa mkweli kabisa katika chumba kimoja na mwongo katika kinachofuata. Wanaopenda wahalifu wenye sura moja hawatafurahishwa nayo.

Blunt aliaga dunia nyumbani kwake London kwa mshtuko wa moyo mnamo Machi 26, 1983, akiwa na miaka 75.

Wanafunzi na wasaidizi wake ndio waliobeba sanaa ya Uingereza hadi karne ya 21. Anita Brookner, aliyefundisha Courtauld kwa miaka mingi, alishinda Tuzo ya Booker mwaka 1984 kwa riwaya yake. Nicholas Serota aliyaongoza majumba ya Tate kuanzia 1988 hadi 2017. Neil MacGregor alikuwa wakili aliyekuwa akihudhuria kozi ya likizo nchini Ujerumani Blunt alipomwona na kumshawishi aache sheria. Aliongoza Jumba la Kitaifa la Sanaa mjini London, kisha Makumbusho ya Uingereza kutoka 2002 hadi 2015. Wakenya wana kumbukumbu yao ya kipindi hicho: ni chini ya MacGregor ambapo makumbusho hayo yalikopesha vitu vya Afrika Mashariki kwa maonyesho ya Hazina yaliyofanyika Nairobi mwaka 2006. Kwamba vitu hivyo vilikuja kwa mkopo na kurudi London ni suala ambalo Wakenya wengi hawajalimaliza.

Na shahada yenyewe? Imeenea. Chuo Kikuu cha Oxford, ambako Ruskin alihutubu, kilianza kutoa shahada ya kwanza ya historia ya sanaa mwaka 2004 tu. Huko St Andrews, Scotland, Kate Middleton, ambaye sasa ni mke wa Mwanamfalme William, alihitimu katika somo hilo mwaka 2005. William mwenyewe alianza nalo kabla ya kuhamia jiografia. Wawili hao, itakumbukwa, walichumbiana wakiwa likizoni Kenya mwaka 2010. Habari zao zilifufua mzaha ule wa kale kwamba ni somo la watoto wa wakubwa, na mzaha huo una madhara. Mwaka 2016 bodi pekee ya mitihani iliyokuwa ikilitahini katika shule za sekondari nchini England ilitangaza kuliacha, na liliokolewa miezi michache baadaye pale bodi nyingine ilipokubali kulichukua. Shule nyingi za umma hazilifundishi, kwa hiyo anayelikuta kwa mara ya kwanza chuoni mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake walimlipia karo ya shule za kibinafsi.

Blunt aliacha kumbukumbu zake kwa maandishi, zipatazo maneno 30,000. Zilikabidhiwa Maktaba ya Uingereza kwa sharti zifungwe kwa miaka 25, na zikafunguliwa Julai 2009. Watafiti walizikimbilia. Humo alikiri kwamba kufanyia Warusi ujasusi lilikuwa kosa kubwa kuliko yote maishani mwake, lakini alisimulia machache mno kuhusu alichokitoa na waliodhurika. Kurasa zilizo hai zaidi ni zile za ujana, za Paris na za picha.

Taasisi ya Courtauld ilihama Portman Square mwaka 1989 na kwenda Somerset House, kando ya mto Thames. Jumba la Robert Adam sasa ni klabu ya wanachama. Rebeka na Eliezeri, mchoro ulionunuliwa kwa fedha za kukopa, uko katika makumbusho ya Fitzwilliam mjini Cambridge, mwendo mfupi kutoka chuo cha Trinity, na anayetaka kuuona hatozwi ada ya kuingia.